Sulasih na Mlango wa Jikoni

Kikapu cha kwanza kiliporudi kitupu, Sulasih alisema labda wamesahau. Cha pili akasema labda watoto wamekula kilichokuwemo njiani. Ilipofika alasiri vikapu thelathini na kimoja vimepangwa barazani, vyote vitupu, vyote vimeoshwa vikasuguliwa, na Sulasih akaacha kusema labda.

Mama yake, Bibi Paini, alikuwa mkekani anamenya njugu. Miaka sabini na nane, macho yameshakuwa na ukungu, lakini mdomo bado mzima kabisa.

"Wameviosha?" akauliza.

"Wameviosha, mama. Vinang'aa."

"Hata ndizi moja?"

"Hamna."

"Hata kiberiti?"

"Mama, hamna kitu. Nimekwambia hamna."

"Basi tumekwisha," alisema Bibi Paini, akaendelea na njugu zake.

Maana huku kwetu kikapu hakirudi hivihivi. Mtu akiwa na harusi anapika wali na kuku wa nazi na tambi, anapeleka kila nyumba siku kumi kabla, na hapo ndiyo ameshaita watu. Hakuna haja ya maneno. Mnakula, halafu mnarudisha kikapu na kitu ndani, chochote kile, mayai mawili, sukari, ndizi, hata hicho kiberiti, maana yake tumekusikia, tunakuja kukupikia. Kukirudisha kitupu ni jambo ambalo watu wanalifanya kwa kukusudia. Na kukiosha kabisa! Yaani wamekusudia wakakusudia tena.

Harusi yenyewe ilikuwa ya Wening, binti mmoja tu wa Sulasih, Jumapili iliyochaguliwa na wazee kwa kuhesabu siku za kuzaliwa za bwana na bibi. Upande wa mume wanatoka mji wa Madiun, wanakuja na mabasi matatu. Na Sulasih alitaka kitu kimoja tu duniani. Hakutaka dhahabu wala picha nzuri. Alitaka wanawake wa kijiji wamhesabu kuwa mwenzao.

Kosa alilolifanya, ukilitazama, wala halikuonekana kosa. Ngoja nianze mbali kidogo.

Sulasih alikulia jikoni kwa watu. Nyumba ikiwa na shughuli, kijiji kizima cha wanawake kinahamia kule siku tatu kabla, wanapita mlango wa nyuma, wanakaa chini, wanamenya, wanakuna nazi, wanasengenya. Tunaita rewang. Hupewi mwaliko, hulipwi, na usipokwenda unajulikana. Sulasih alianza akiwa na miaka minane, kazi yake kuosha majani ya mgomba, na bosi wake alikuwa Yu Katemi. Yu ni dada mkubwa, na Katemi alikuwa dada mkubwa wa kila mtu, mwanamke mfupi mpana mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Yeye ndiye mwenye chungu cha wali. Kwenye rewang kila mtu anaweza kugusa kila kitu isipokuwa chungu cha wali, hicho kina mtu wake mmoja, na wali ukiharibika shughuli imeharibika. Miaka thelathini wali wa Katemi haujawahi kuharibika.

Halafu maisha yakabana. Shamba likawa halitoi, mume wake Giman akawa anabeba mawe ya mtoni, na Sulasih akaenda Taiwan kumlea mzee mmoja aliyepooza. Aliaga anaenda miaka mitatu. Ikawa sita. Ikawa kumi na miwili.

Mwaka wa saba Giman alishikwa na homa, siku nne tu, akafa. Mzee wa Taiwan hakuwa na mtu mwingine wa kumgeuza kitandani, ruhusa haikupatikana. Sulasih alimzika mume wake kwenye simu. Wening alikuwa na miaka kumi na tatu, ndiye aliyeishika ile simu, na kwenye ile picha ya kutikisika Sulasih aliona jikoni kwake mwenyewe kumejaa. Aliwaona wote. Yu Katemi uso mweusi kwa masizi, jirani Mama Sarju anakatakata kunde, wengine wanapanga sahani za kisomo. Walipika siku saba. Wakarudi siku ya arobaini, ya mia, mwaka, mwaka wa pili, mpaka ile siku ya elfu. Kila mara Sulasih aliangalia kwenye simu akiwa bafuni kwa watu, amefungua bomba ili mzee asimsikie analia.

Na Wening alikuwa analala kwa Katemi, usiku wa mvua, usiku wa mitihani. Mtoto alikua anamwita Katemi bibi.

Kwa hiyo Sulasih aliporudi, miezi minane kabla ya harusi, alirudi na mzigo kifuani. Yaani akikutana na mmoja wao njiani alitamani apige magoti. Rewang yake ya kwanza ilikuwa kwa Mama Sarju, mjukuu wake anatahiriwa. Sulasih aliwahi alfajiri, akapita mlango wa nyuma, akapewa vitunguu vya kilo kumi. Baada ya dakika tano machozi, kamasi, kidole kimekatika.

"Jamani mwoneni!" Mama Sarju akapiga kelele. "Mikono laini kama ya mtoto wa juzi!"

"Taiwan vitunguu vinajimenya vyenyewe," akasema mwingine.

"We Lasih, huko ulikuwa unalea mzee au ndiye wewe uliyekuwa unalelewa?"

Jiko zima likacheka, na Sulasih akacheka mpaka akaegemea ukuta. Ile siku ndiyo siku aliyorudi nyumbani, siyo ile ya uwanja wa ndege. Yu Katemi akaunyoosha mwiko kama askari, akasema mbele ya watu wote, "Wening akiolewa chungu ni changu. Nimeshaweka nadhiri. Asiguse mtu."

Halafu alipotaka kuinuka, hakuinuka. Akashika ukuta. Akasubiri kidogo. Akainuka nusu, akashika nguzo, akamalizia, uso umekunjamana, na wote wakajifanya wanatazama nazi. Sulasih aliona. Magoti ya Katemi yalikuwa yamevimba kama mafenesi machanga. Akakumbuka mara sita zile kwenye simu. Akajiambia, jamani, hawa watu nimewapikisha karibu miaka mitatu nikiwa sipo, leo nimerudi niwapikishe tena? Nikiwa na haya gani? Akaona afanye kitu kizuri. Wapishi wa kukodi kutoka mjini, na lori lao, na sare zao. Na wanawake wa kijiji kwa mara ya kwanza waje wamekaa, wamependeza, waletewe sahani mkononi na mtu mwingine awaoshee vyombo.

Hakumwuliza mtu. Alitaka iwe zawadi. Alipiga simu mjini akamaliza, mama yake akajua baadaye, na kijiji kikajua kabla ya mama yake.

Bibi Paini alimwambia siku ile ya vikapu, "Umewafungia mlango."

"Mama, nimewapumzisha!"

"Nani kakuomba? Mtu akikupikia msiba anasubiri akupikie furaha. Wewe umekula vya mikono yao kwenye msiba, kwenye furaha umewaambia hamna kazi. Nenda. Nenda kwa miguu yako, saa hii hii."

Akaenda. Yu Katemi alikuwa kibarazani anapeta mchele, na Mama Sarju yuko pale pembeni, mguu juu ya mguu, kama mtu aliyekuja kuangalia mechi.

"Yu, nimekuja."

"Naona."

"Yu, sikukusudia vibaya. Nilitaka mpumzike."

"Tulilalamika tumechoka?"

"Hapana, Yu. Ila magoti yako..."

"Magoti yangu yamekuja kukushtakia?" Ungo ukasimama. "Yamekuja kwako, yakasema Lasih tuokoe?"

"Mwache, Yu," Mama Sarju akadakia, tamu kama sukari ya mnazi. "Wapishi wa mjini wanavaa glavu. Sisi tungewatia wageni wa Madiun harufu ya moshi."

"Mama Sarju, jamani, siyo hivyo."

"Mimi nimesema nini? Nimesifia glavu."

Sulasih akakaa chini, kwenye udongo, siyo kwenye kiti. "Yu, nitawarudisha wale wapishi. Leo hii. Njoo upike. Nakuomba."

Katemi akachambua mchele, chenga huku, mawe kule. Aliposema alikuwa hana hata hasira, na hiyo ndiyo iliyomtisha Sulasih.

"Giman alipokufa nilipika nikiwa naongea na wewe kichwani. Nasema, Lasih akirudi, nitapika na yeye yupo, nitamtukana hapa mbele yangu anipunguzie moto. Miaka mitano nasema hivyo." Akapuliza makapi. "Sasa nikuambie uwarudishe? Ili watu waseme Katemi amelilia sufuria? Hapana, mdogo wangu. Waache waje na lori lao. Na sisi tutakuja. Wote. Usiwe na wasiwasi."

Sulasih akarudi nyumbani karibu anakimbia. "Mama, wamesema watakuja!"

"Lini?"

"Hawakusema lini. Wamesema wote."

Alhamisi, siku tatu kabla, Bibi Paini alimwona mtoto wake anafagia jikoni, anapanga kuni, anajaza mapipa ya maji, anatandika mikeka mitano. Kisha akaufungua mlango wa nyuma akauwekea jiwe usijifunge. Alinunua hata vitunguu, gunia zima, ambavyo wale wapishi hawakuvihitaji kabisa. Akakaa. Kuku wakaingia, akawafukuza. Mbuzi wa jirani akachungulia. Ikapita Alhamisi. Ijumaa vilevile, jiwe pale pale mlangoni. Jumamosi alisikia miguu nyuma ya nyumba akaruka, kumbe fundi wa turubai anatafuta pa kujisaidia.

Jumapili asubuhi lori likafika. Vijana kumi na wawili, sare nyeusi, wanafanya kazi kama mashine, kila kitu kimeshapikwa huko huko mjini, hapa ni kupasha tu. Hakuna jiko lililowashwa. Bibi Paini alivumilia mpaka saa tatu, akashindwa. Akajikokota jikoni peke yake, akawasha kuni mbili tatu chini ya sufuria ya maji matupu.

"Bibi, unachemsha nini?" kijana mmoja wa sare akauliza.

"Sichemshi. Nyumba ya harusi isitoe moshi? Watu watasema humu wamekufa."

Na wanawake wakaja, kama walivyoahidi. Saa nne kamili. Wote! Hakukosekana hata mmoja. Sulasih aliposikia sauti zao alikimbilia nyuma, na kule nyuma hakukuwa na mtu, sauti zilikuwa zinatoka mbele.

Walikuja kwa lango, kwenye lile tao la maua ya plastiki, mstari mmoja, wamevaa blauzi za lesi, nywele zimefungwa vizuri, poda, manukato. Yu Katemi alikuwa na viatu vya kisigino! Walimpa Sulasih mkono kwa ncha za vidole, mmoja baada ya mwingine, wakasema Mungu ajaalie, wakaenda wakakaa kwenye viti walivyoonyeshwa. Wakaletewa sahani. Wakasema asante kwa wale vijana. Wakala vijiko vitatu, vinne. Wakaweka sahani chini ya viti, taratibu, bila kugonganisha. Hawakucheka kwa sauti hata mara moja, na hawa ni watu ambao kucheka kwao kunasikika mpaka msikitini. Nusu saa, wakanyanyuka pamoja, wakaaga, wakaondoka.

Shangazi wa bwana harusi kutoka Madiun alimgusa Sulasih begani. "Majirani zako wastaarabu jamani! Kwetu wangeshavamia jikoni, kelele, kila mmoja anajifanya mkubwa. Una bahati."

Sulasih akasema asante. Utasema nini sasa?

Kule jukwaani Wening alikuwa analia na rangi zote za bibi harusi zinamchirizika, na watu wanamwona mzuri, wanasema ndiyo kawaida, bibi harusi lazima alie. Mama yake alipopanda kumfuta, mtoto akamnong'oneza, "Bibi Katemi amenipa mkono kama mgeni. Mimi! Nilitaka kumbusu akarudi nyuma. Mama, umewafanya nini?"

"Nilitaka wapumzike."

"Kwani walikuambia?"

Saa tisa turubai limeshakunjwa. Wale vijana wameosha, wamefuta, wameondoka na lori lao, hata takataka wamebeba. Mabasi ya Madiun yameondoka na Wening ndani, dirishani, anapunga. Harusi za kwetu saa tisa ndiyo kwanza zinanoga jikoni, wanawake wanagawana makoko, wanaigiza jinsi wageni walivyokula, mmoja anacheza na sufuria kichwani. Sulasih alikaa kwenye moja ya ile mikeka mitano. Gunia la vitunguu halijafunguliwa. Mama yake pembeni anazima moto wake wa maji.

Ungedhani basi, wamemwadhibu, yameisha. Sulasih alidhani hivyo. Alijiambia, nimekosa, nimelipa, sasa nitaanza chini kabisa, nitaosha majani ya mgomba tena. Akasubiri shughuli ijayo kama mtu anayesubiri mvua.

Ilikuja baada ya miezi miwili, na ilikuwa kwa Katemi mwenyewe. Mjukuu wake ana mimba ya kwanza, imetimiza miezi saba, inafanyiwa sherehe ya kuogeshwa. Sulasih aliletewa kadi. Kadi ya kuchapishwa, ina utepe, jina lake limeandikwa "Ibu Sulasih." Ibu ni jina la kumwitia mwalimu mkuu au mke wa mkuu wa wilaya. Kwa Katemi alikuwa "we Lasih" tangu ameota meno.

Alipeleleza, akajua wengine hawakupata kadi. Wengine walijua tu, kama kawaida.

Siku tatu kabla alijifunga sarongi ya kazi, ile kuukuu, akazunguka nyuma ya nyumba. Mlango uko wazi, moshi unatoka, harufu ya tangawizi na mchaichai, mtu anasimulia jambo la aibu na wengine wanapiga mapaja. Alipoingiza mguu mmoja wakanyamaza wote.

Mama Sarju akaruka. "Ala! Ibu! Mbona umepita huku, kuna matope!"

"Nimekuja kusaidia."

"Kusaidia nini, Ibu, utachafuka! Twende, twende mbele."

Akamshika mkono, kwa upole kweli, akamzungusha nyumba nzima mpaka sebuleni, akamkalisha kwenye kochi la mahameli lililofunikwa nailoni. Chai ikaja kwenye kikombe chenye kisosi. Keki za wali zikaja kwenye sahani ya kioo, ile ya kabatini. Kisha Yu Katemi mwenyewe akaja, amefuta masizi usoni, amejitanda vizuri, akakaa pembeni ya kiti kama watu wanavyokaa mbele ya wakubwa.

"Tunashukuru sana Ibu amepata nafasi," alisema. Alitumia ile lugha yetu ya juu, ya heshima, ambayo kila neno ni jingine kabisa na lile la kila siku. Miaka arobaini hawajawahi kuongea hivyo. "Safari haikuwa na taabu?"

Safari! Ni nyumba ya nne.

"Yu," Sulasih akasema, kwa lugha ya jikoni, "nipe hata kitunguu kimoja nimenye."

Katemi akatabasamu. "Ibu ana masihara."

"Siyo masihara. Nitukane basi. Yu, nitukane."

"Ibu ajaribu keki," Katemi akasema. "Samahani, ni za kijijini tu."

Huko nyuma mtu akamalizia kile kisa na jiko likalipuka kwa kicheko. Katemi akageuza kichwa kidogo upande ule, midomo ikamcheza, akairudisha. Sulasih akanywa chai. Kikombe kilipoisha akamiminiwa kingine, na hapo akaelewa hakuna namna, mgeni akimaliza cha pili anaaga. Alipoinuka, Katemi naye akataka kuinuka, akashika meza, akakwama nusu. Sulasih akamwahi kwa mikono miwili.

"Asante, Ibu. Asijisumbue."

Akaachia. Katemi akainuka mwenyewe, ilichukua muda.

Walimfungia chakula kwenye boksi, wakamsindikiza watatu mpaka getini, wakabaki wamesimama wanapunga mpaka alipoikata kona. Hakuna jambo hata moja ambalo ungeweza kusema walimkosea.

Nyumbani Bibi Paini alikuwa kitandani, siku hizo hainuki sana. "Umerudi mapema. Wamekupa kazi gani?"

"Nimekunywa chai, mama."

Bibi kizee akageukia ukutani.

"Mimi nikifa," akasema, "wali atapika nani?"

"Mama, usiseme hivyo."

"Nauliza."

Sulasih akafungua boksi, akapakua, akamkalisha mama yake na kumwegemeza mto mgongoni. Wali ulikuwa bado wa moto, umechambuka punje punje. Akamlisha kijiko kimoja kimoja, kama alivyokuwa akimlisha yule mzee wa Taiwan, na mama yake akawa anakula huku anamtazama, anasubiri jibu.